Mlaji Asiuziwe Kifaa Kisichofunguka

Msasani, wilayani Rungwe, hapakosi fundi redio. Ukipita penye vibaraza vya maduka utamwona ameinamia meza yenye bisibisi, vipande vya nyaya na chuma cha kuchomelea, na pembeni pake vitu vya watu vinasubiri zamu: pasi, redio, spika, simu na chaja. Lakini chini ya meza aghalabu pana boksi jingine ambalo mteja haonyeshwi. Humo mna taa za sola zilizokufa. Hazikuvunjika wala hazikuungua. Zimekoma tu kushika chaji, na fundi amezitupa humo kwa kuwa hana pa kuzifungulia.

Tumeona vema leo tulizungumzie boksi hilo la chini ya meza. Ndani yake mna fedha nyingi za wakulima wa chai, ndizi na viazi wa wilaya hii, na mna swali ambalo wakubwa wetu hawajaulizwa kwa sauti ya kutosha.

Taa ya sola ya mkononi ina viungo vichache: paneli ya kunasa mwanga wa jua, taa ndogo za LED, swichi, saketi na betri. Taa hizo za LED zikiundwa vizuri huwaka kwa maelfu mengi ya saa kabla ya kufifia. Paneli njema huweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Betri ndiyo yenye umri mfupi. Baada ya miaka michache huchoka hata ikitunzwa, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya kemikali zilizomo. Na katika milima yetu huchoka mapema zaidi. Sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na upo msimu ambao ukungu hukaa juu ya migomba siku nzima kana kwamba umelipia kodi ya nyumba. Taa hupata nusu ya jua inayolihitaji, kisha huwashwa usiku mpaka izimike yenyewe, na betri inayokaushwa hivyo kila siku huzeeka upesi.

Mtu angetarajia kwamba mwenye kiwanda, ambaye anayajua haya yote kuliko sisi, angeweka mlango mdogo wa kubadilishia betri, kama ule ulio nyuma ya redio au mkiani mwa tochi. Katika taa nyingi hakuuweka. Amegandisha vipande viwili vya plastiki kwa gundi au kwa joto, au amefunga kwa skrubu ambazo vichwa vyake havilingani na bisibisi yoyote ya sokoni, na ndani betri imechomelewa kwenye saketi. Fundi akilazimisha, plastiki hupasuka. Hivyo kifaa chenye kiungo cha miaka 20 hutupwa kwa ajili ya kiungo cha miaka 2 au 3. Ni kama mtu kuunda baiskeli imara, kisha akachomelea tairi kwenye rimu, ili siku tairi inapokwisha baiskeli nzima iende jalalani na mwenye baiskeli arudi dukani.

Zamani taa ya mkulima wa Rungwe ilikuwa kandili. Hatuna haja ya kuipamba: ilikula mafuta ya taa, ilitoa moshi, na iliweza kuunguza nyumba ikianguka. Lakini hebu tuitazame kama chombo. Chimni ikipasuka, ulinunua chimni. Utambi ukiisha, ulinunua utambi. Tangi likitoboka, palikuwa na fundi wa bati sokoni ambaye aliliziba kwa risasi huku umesimama mbele yake. Kila kiungo cha kandili kilikuwa na jina lake, bei yake na mahali pake katika duka, na mtoto aliyetumwa dukani aliyajua majina hayo. Kandili moja iliweza kutoka kwa mama mkwe ikaenda kwa mke wa mwanawe na bado ikawaka.

Ndivyo ilivyo cherehani ya Singer, ambayo hata leo haijatoweka katika vibaraza vya miji yetu, gurudumu lake likiwa limeng'arishwa na mikono ya watu waliorithishana. Bomba la mgongoni la kunyunyizia viazi dawa likivuja, mkulima hukata kipande cha tyubu kuukuu na kutengeneza mpira mpya. Jembe bapa lake huisha, lakini mpini ni wako kuuchonga. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyombo hivyo viliundwa na watu walioamini kwamba ufa utazibwa. Taa tunayoisema imeundwa ili ufa usizibike, na ukuta ujengwe upya kila baada ya miaka miwili.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi wananchi warudi kwenye kandili na koroboi. Mwanafunzi wa darasa la saba anayesoma kwa mwanga safi usio na moshi amepata jambo jema, na waliobuni taa ya sola wanastahili shukrani. Umeme wa gridi umefika mjini Tukuyu zamani, na kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini umefika vijiji vingi. Hata hivyo bado nyumba nyingi za mabondeni na za miteremkoni huitegemea taa hiyo, na hata penye umeme taa huhitajika unapokatika. Kwa kuwa ni kitu chema na cha lazima, ndiyo maana kufungwa kwake kwa gundi kunatuuma.

Jambo hili lina jina katika elimu ya biashara: uchakavu uliopangwa. Maana yake ni kwamba siku ya kufa kwa kitu imeamuliwa pale kilipochorwa, au angalau mchoraji aliiona siku hiyo inakuja na akaamua kutoacha njia ya kuivuka. Watu hubishana sana juu ya nia. Je, mwenye kiwanda alikusudia taa ife, au hakujali tu? Kwetu tofauti hiyo ni ndogo. Mama wa Msasani aliyeuza mikungu ya ndizi akanunua taa hawezi kuingia moyoni mwa mchoraji. Anachokijua ni kwamba taa imezimika na haifunguki.

Hata hivyo, ipo mifano ambayo nia yake haina shaka, na mkubwa kuliko yote unahusu taa. Mwaka 1924, katika mji wa Geneva, makampuni makubwa ya kutengeneza balbu za umeme yalikutana na kufanya mapatano yaliyojulikana kwa jina la Phoebus. Walikuwamo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, Compagnie des Lampes wa Ufaransa, na General Electric wa Marekani kupitia makampuni yake tanzu. Waligawana masoko ya dunia. Kisha wakapatana pia kwamba balbu, ambayo wakati ule iliweza kuwaka saa 1,500 hata 2,000, isizidi saa 1,000. Kila kiwanda kilipeleka sampuli za balbu zake katika maabara huko Uswisi zipimwe, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi kilitozwa faini. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 wastani wa umri wa balbu ulikuwa umeshuka hadi karibu saa 1,200. Mapatano hayo yalivunjwa na vita iliyoanza mwaka 1939, wala si na dhamiri ya mtu.

Wenye viwanda walijitetea kwamba balbu ya umri mfupi hutoa mwanga mkali zaidi kwa umeme uleule, na kwa kadiri fulani hilo ni kweli. Hata tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba huo, na kutoa taarifa yake mwaka 1951, haikuipuuza hoja hiyo. Sisi tunauliza tu: kama lilikuwa jambo la manufaa kwa mnunuzi, kwa nini mnunuzi hakuambiwa? Angeachiwa achague mwenyewe kati ya balbu kali na balbu ya kudumu. Mapatano yalifanywa kwa siri, na siri haihitajiki penye hisani.

Miaka michache baadaye, mwaka 1932, wakati Marekani ilipokuwa imeporomoka kiuchumi, mfanyabiashara mmoja wa New York aitwaye Bernard London aliandika kijitabu cha kupendekeza kwamba serikali iweke umri wa kila bidhaa kwa sheria, na umri ukiisha bidhaa ikusanywe na kuharibiwa ili watu wanunue nyingine na viwanda vipate kazi. Serikali haikumfuata. Haikuwa na haja, kwani viwanda vilikuwa vimekwisha anza kufanya hivyo bila sheria: General Motors tangu miaka ya 1920 ilikuwa ikibadili sura za magari yake kila mwaka ili mwenye gari la mwaka uliopita alionee haya. Na katika zama zetu hizi, mwezi wa Desemba 2017, kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Kampuni ilisema ilifanya hivyo kuzuia simu zisizimike ghafla. Mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kosa la kutowaarifu wateja. Wengi wao walikuwa wamenunua simu mpya bila kujua kwamba betri mpya ingetosha.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Ni ya ng'ambo kwa asili, lakini hapa ndipo yanapoumiza zaidi. Mnunuzi wa Paris anayo mahakama ya kumsikiliza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima wa chai hulipwa kwa uzito wa majani aliyochuma, na kila taa anayoinunua ina kilo zake za majani.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Chukua kijiji chenye kaya 300, na taa ya bei ya shilingi 30,000. Kaya inayonunua taa isiyofunguka kila baada ya miaka 2 itakuwa imenunua taa 3 katika miaka 6, yaani shilingi 90,000. Kama taa ingefunguka, kaya hiyo ingenunua taa moja na betri mbili. Tuseme kila betri shilingi 8,000 na ufundi shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 50,000. Tofauti ni shilingi 40,000 kwa kaya, na kwa kijiji kizima shilingi milioni 12. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama Bunge lingepitisha kodi ya kiasi hicho kwa kijiji kimoja, tungesikia kelele mpaka Dodoma. Hii hailalamikiwi kwa sababu hutozwa dukani, kidogo kidogo, na kila mtu hudhani ni bahati yake mbaya.

Na tazama mahali fedha hizo zinapokwenda. Katika hesabu ya taa inayofunguka, malipo ya ufundi yanabaki Msasani. Fundi atanunua unga na kulipa ada ya shule palepale. Katika hesabu ya taa isiyofunguka, fundi hapati hata senti. Kuvuja kwa pakacha, wanasema, ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mwenye mzigo anapoteza, na anayepata nafuu yuko mbali mno hata hatumjui jina.

Fundi huyu tunamtaja kwa makusudi. Nchi hii ilitambua mapema kwamba ufundi mdogo ni mali, ndiyo maana mwaka 1973 ikaunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Vijana wamefunzwa kuchomelea, kusoma saketi na kupima umeme. Wengine wamejifunza wenyewe kwa kufungua na kufunga, na tumekwisha kuona redio iliyokataliwa mjini ikifufuliwa kijijini kwa kipande cha waya. Elimu hiyo haihifadhiwi katika kabati. Huishi kwa kutumiwa. Kila kifaa kinachoingia nchini kikiwa kimegandishwa ni somo lililofutwa ubaoni. Baada ya miaka 20 tutakuwa na wauza vifaa wengi na hatutakuwa na mtu ajuaye kilichomo ndani yake.

Wapo watakaodhani kwamba tunaitamani miaka ya uhaba. La hasha. Walioishi miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wanaikumbuka foleni ya sabuni na sukari, na wanakumbuka betri za redio zilizoanikwa juani ili zitoe sauti kwa siku moja zaidi. Wakati ule kutengeneza kitu hakukuwa uchaguzi wa mtu, ilikuwa lazima. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, maduka yakajaa, na watu walifurahi kwa haki. Lakini kuna jambo moja la miaka ile tunaloweza kulikumbuka bila kutamani foleni. Redio za National zilitengenezwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, baiskeli za Swala zilitengenezwa nchini, majembe yalitoka Ubungo, na hapa Mbeya tulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK. Bidhaa hizo hazikuwa kamilifu. Hata hivyo mwenye lalamiko alijua lilikotoka lalamiko lake, na kiwanda kilijua kwamba fundi wa kijijini ataifungua bidhaa hiyo na kuihukumu. Leo mtu pekee anayetazamana na mlaji ni muuza duka wa Msasani, ambaye naye amenunua Mbeya mjini au Kariakoo, na ambaye hajui zaidi ya kilichochapwa kwenye boksi.

Ipo karatasi ya dhamana, ni kweli. Mara nyingi imeandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi, na inamtaka arudishe kifaa kwa mwagizaji. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 900. Nauli ya kwenda na kurudi hununua taa kadhaa. Dhamana ambayo kuidai ni ghali kuliko kuisamehe haina tofauti na karatasi ya kufungia vitumbua.

Tumezungumza na nafsi zetu kuhusu hoja za wafanyabiashara, na hatutaki kuzipita kimya. Wanasema gundi huzuia maji, na mvua ya Rungwe si ya mchezo. Lakini saa za mkononi zimezuia maji kwa miaka mingi kwa pete ya mpira na skrubu nne, na tochi za kuzamia baharini hufunguliwa kila siku. Wanasema pia kwamba taa yenye mlango wa betri itapanda bei. Yamkini itapanda kidogo. Hata hivyo hesabu yetu ya hapo juu inaonyesha kwamba bei ya siku ya kwanza siyo bei ya taa. Tena zipo taa sokoni, za bei ya kawaida, ambazo zimefungwa kwa skrubu za kawaida na betri zake hutoka kwa kuvuta plagi ndogo. Wenye kuziunda hawakufilisika. Tunawasifu, na tunataka wao wawe kanuni badala ya kuwa bahati.

Haya tunayoyasema ya taa ni ya simu vilevile, na kwa simu jambo ni zito zaidi kwani simu imekuwa benki ya mkulima. Si zamani sana simu ilifunguliwa mgongo kwa ukucha, betri ikatoka, ikaingia nyingine iliyonunuliwa dukani. Siku hizi nyingi zimegandishwa. Fundi mwenye vifaa vya kupasha joto huweza kuzifungua, lakini kwa hatari, na si kila mahali yupo.

Serikali haiwezi kusema kwamba haina uwezo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, laki kadhaa kwa mara moja, na simu hizo hazikulia tena. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na wiki chache baadaye mtu aliona haya kuonekana nayo. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu mwaka 1975, na tangu mwaka 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa nyingi huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyozaa Tume ya Ushindani, inamtaja mlaji na kumlinda. Vyombo tunavyo.

Lakini angalia vita hivi vimepiganwa dhidi ya nani. Vimepiganwa dhidi ya bidhaa bandia, yaani kitu kinachojifanya kuwa kingine. Taa tunayoisema si bandia. Ina jina halisi, boksi halisi, hata na karatasi halisi ya ukaguzi. Imepimwa ikaonekana haitamrusha mtu kwa umeme na mwanga wake unatosha. Ubaya wake hauonekani siku ya kupimwa. Unaonekana siku betri inapokufa. Hapo ndipo tunapoomba kipimo kiongezwe. Mkaguzi, akiwa na bisibisi ya kawaida mkononi, aulizwe kama ameweza kuifungua taa na kuifunga bila kuivunja, na kama betri aliyoitoa ni ya aina inayopatikana sokoni. Kama jibu ni hapana, boksi liandikwe wazi kwa Kiswahili, upande wa mbele na kwa herufi kubwa, kwamba betri ya kifaa hiki haibadiliki. Tuna hakika wanunuzi watajua la kufanya. Na kwa kuwa vifaa vya sola vimewahi kupewa nafuu ya kodi kwa ajili ya wananchi wa vijijini, tunaona ni haki nafuu ya namna hiyo ipewe taa inayofunguka, na ile iliyogandishwa ilipe kodi yake yote kama anasa nyingine.

Wapo pia wanunuzi wakubwa ambao hawahitaji kusubiri serikali. Vyama vya ushirika vya wakulima, shule, zahanati na makanisa hununua taa na vifaa kwa wingi. Halmashauri hutangaza zabuni. Mwenye kununua taa 200 kwa mkupuo anaweza kumwambia muuzaji afungue moja mbele ya kamati, na amwonyeshe betri za akiba. Muuzaji akishindwa, aondoke na taa zake. Jambo hili halihitaji sheria hata moja, na tunashangaa kwamba halijafanywa kuwa desturi.

Kuhusu takataka hatutasema mengi, kwani kila mtu ana macho. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo ya hizo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za taka za aina hii za mwaka 2021. Huku kwetu, taa iliyokufa hutupwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, au shimoni. Mvua yetu hainyeshi bure: hushuka mabondeni, huingia Mto Kiwira na vijito vyake, na Mto Kiwira unamwaga maji yake Ziwa Nyasa, ambako jirani zetu wa Kyela huvua samaki na kuteka maji. Ni vizuri kanuni zikataja mahali pa kupeleka taka. Ingekuwa bora zaidi kama theluthi mbili ya taka hizo zingebaki kuwa taa.

Wenzetu wa Ulaya wamekwisha anza. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji wa simu, televisheni, mashine za kufulia na vifaa vingine vichache kubandika alama inayoonyesha kifaa kinatengenezeka kwa kiasi gani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, simu mpya zinazoingizwa sokoni tangu tarehe 20 Juni 2025 sharti ziwe na vipuri muhimu kwa miaka 7 baada ya toleo lake kukoma kuuzwa. Na kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kwa masharti na misamaha iliyowekwa, betri za vifaa vidogo vinavyouzwa huko lazima mtumiaji aweze kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe.

Tarehe hiyo inatuhusu. Kiwanda chenye ghala lililojaa vifaa vilivyogandishwa, ambavyo mlango wa Ulaya umefungwa mbele yake, hakitavitia moto. Kitatafuta bandari nyingine, kwa bei ya kutupa, na bei ya kutupa hupendeza sana machoni pa mwagizaji. Tungependa TBS na Tume ya Ushindani watoe tamko lao kwa waagizaji mapema, wakisema ni vifaa gani havitapokelewa na tangu lini. Na tamko hilo libandikwe pia katika ofisi za kata, ya Msasani ikiwemo, ambako waagizaji hawafiki lakini taa zao hufika.